Kidole gumba hakipimi presha: rifleksolojia na mjamzito

Nilikuwa wiki ya 34, viatu vyote vimegoma kuingia nimebaki na ndala za mume wangu, ndo rafiki yangu akaniambia hebu jaribu rifleksolojia, yaani ule ukandaji wa nyayo unaodai kila kiungo cha mwili kina sehemu yake mguuni, yeye alifanya kwenye mimba zake zote mbili na anaapa ilimsaidia. Nikaenda. Na niseme mapema kabisa kwamba ile saa moja ilikuwa tamu, sitaki mtu asome haya akadhani nimekuja kuponda kitu ambacho sikukipenda. Nilikipenda sana, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo.

Yule dada alinikalisha nusu kulala, mito miwili mgongoni na mwingine chini ya magoti, akaushika mguu wangu wa kushoto kwa mikono yote miwili akatulia nao bila kufanya chochote kwa kama dakika nzima. Alafu akaanza kutembeza kidole gumba kwenye unyayo kama kiwavi, kinajikunja kinanyooka, kinajikunja kinanyooka, kuanzia kisigino mpaka kwenye mizizi ya vidole. Nilikuwa na wiki mbili sijapata usingizi wa maana. Nilisinzia kabla hajahamia mguu wa kulia.

Kilichoniamsha ni pale alipobonyeza katikati ya unyayo nikasema aah. Akatikisa kichwa, akasema hapo ni figo, figo zako zimeelemewa ndo maana unavimba, tukifanya mara mbili kwa wiki maji yatatoka yenyewe. Nikaamini. Kwanini nisiamini? Mtu kanigusa kwa upole namna ile, nimeumia kweli pale alipobonyeza, na kweli nimevimba. Mambo matatu ya kweli yamekaa pamoja, la nne likapita katikati yao na hakuna aliyeliuliza linatoka wapi.

Siku tano baadaye ilikuwa zamu yangu ya kliniki. Mkunga wala hakuanza na miguu, alianza na mkono wangu, akaniuliza mama, hii pete tangu lini haitoki? Nikamwambia kama wiki hivi. Na kichwa? Nikasema kinauma tangu juzi, ni usingizi tu. Akafunga kile kitambaa cha presha, ikasoma 150 kwa 98, akanipumzisha akapima tena, haikushuka, kipimo cha mkojo kikaonyesha protini. Sikurudi nyumbani siku ile. Walikaa wananifuatilia kwa karibu mpaka wiki ya 37 wakanianzishia uchungu, na nashukuru mimi na mtoto tulitoka salama.

Sasa naomba nieleweke hapa. Rifleksolojia haikunipa presha, haina uwezo huo, na yule dada alikuwa mtu mwema anayependa kazi yake. Ninachokilalamikia ni ile sentensi moja tu ya figo, kwasababu ilinipa jibu kabla sijauliza swali, na mtu mwenye jibu haendi kutafuta jingine. Zile siku tano nilizikaa nimetulia kabisa nikijua dawa nimeshaanza. Kama zamu ya kliniki ingekuwa baada ya wiki mbili, ningetulia wiki mbili.

Kwahiyo nikaanza kusoma, maana nilitaka kujua ile ramani ya miguu imetoka wapi. Watu wengi wanaambiwa ni elimu ya maelfu ya miaka. Kukanda miguu ni kwa zamani sana, hilo halina ubishi, binadamu amekanda miguu ya mwenzake tangu awepo. Lakini hii ramani inayosema kidole gumba ni kichwa, upinde wa unyayo ni tumbo, upande wa ndani wa kisigino ni mfuko wa uzazi, hii ni ya juzi. Daktari mmoja Mmarekani wa masikio, pua na koo, William Fitzgerald, aligawa mwili kwenye kanda 10 za wima kutoka kichwani mpaka kwenye vidole, akadai ukibana sehemu moja ya kanda unaigusa kanda nzima, na mwaka 1917 yeye na Edwin Bowers wakalitolea kitabu. Alafu miaka ya 1930 mwanamama Eunice Ingham, aliyekuwa anafanya kazi ya fiziotherapi, akaichukua ile fikra akaihamishia kwenye miguu, akachora sehemu ya kila kiungo. Kile kiwavi cha kidole gumba kilichonilaza mimi kinatokana na mbinu zake. Na mpaka leo ramani hazifanani, ukizilaza mbili za shule tofauti ubavu kwa ubavu utakuta kiungo kimehama.

Umri siyo hoja, kuna vitu vipya vingi tu vya kweli. Hoja ni kama kuna waya unaounganisha unyayo na kiungo. Mishipa ya fahamu ya unyayo inapanda mguuni inaingia kwenye uti wa mgongo inakwenda kwenye ubongo, ndo inavyokufanya ujue umekanyaga mwiba. Hakuna tawi linalotoka katikati ya unyayo kwenda kwenye figo, na mtu akiumia akibonyezwa pale, kinachouma ni unyayo wenyewe, msuli na utando mnene unaobeba uzito wa mwili mzima, na mjamzito anabeba kilo za ziada siku nzima huku homoni zimelegeza viungo vyake. Mjamzito gani wa wiki ya 34 utambonyeza pale kwa nguvu asiseme aah?

Kuna sehemu moja nitawatetea wenyewe. Mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, unatokea eneo lilelile la chini ya uti wa mgongo ambako mishipa ya kibofu inatokea, na madaktari wanautumia kweli, wanachomeka sindano nyembamba pale wanapitisha umeme kidogo kwa nusu saa, mara moja kwa wiki kwa wiki 12, kutuliza kibofu kinachomsumbua mtu kila saa. Kwahiyo kusema mguu na nyonga havijuani kabisa siyo sahihi. Lakini hiyo ni sindano na umeme kwenye mshipa unaojulikana ulipo, ulipimwa, una dozi na idadi ya wiki. Haikufanyi uamini kwamba kila inchi ya unyayo ina kiungo chake.

Na je, walipojaribu kupima? Mwaka 2009 Edzard Ernst, mtafiti wa tiba mbadala, alikusanya majaribio 18 yaliyofanywa kwa kugawa watu kwa bahati nasibu, akahitimisha kwamba ushahidi hauonyeshi kwa namna ya kushawishi kwamba rifleksolojia inatibu ugonjwa wowote. Ila kwangu mimi jaribio linalonigusa zaidi ni dogo, ni la Australia, la mkunga mtafiti Lyndall Mollart, lilitoka 2003. Alichukua wajawazito 55 wa miezi ya mwisho waliovimba miguu, akawagawa makundi matatu, wa kwanza rifleksolojia ya kutuliza, wa pili rifleksolojia ya limfu, yaani ya kusukuma maji yaliyojaa mwilini, wa tatu wakapumzika tu. Wakapimwa mzunguko wa vifundo na nyayo kabla na baada. Tofauti ya maana kati ya makundi kwenye vipimo haikuonekana. Lakini wanawake wenyewe walipoulizwa walisema wanajisikia nafuu, hata wale wa kupumzika, na ile ya limfu ndo iliyopendwa zaidi.

Mimi nalisoma lile jaribio najiona mle ndani. Mguu ulibaki vilevile, mwenye mguu akawa afadhali. Na hiyo afadhali nakataa kabisa mtu aidharau, kwasababu mimba inachosha kwa namna ambayo asiyeibeba hawezi kuelewa, na mara nyingi mjamzito anaguswa kwa kupimwa tu, tumbo linapimwa, mkono unafungwa, kidole kinachomwa, hakuna anayemgusa ili yeye apumzike. Saa moja ya mtu kukushika mguu kwa utulivu bila haraka, simu imezimwa, hakuna anayekuita mama fulani njoo, ina thamani yake. Iuzwe kwa jina hilo basi, la kupumzika.

Tatizo ni kwamba haiuzwi hivo. Na hapa kuna kitu kinanikera kwa mantiki tu. Wakandaji wengi watakwambia miezi mitatu ya kwanza usije, kuna sehemu tukizigusa mimba inaweza kutoka. Mtu huyohuyo ukifika wiki ya 40 atakwambia njoo tukuanzishie uchungu. Na katikati hapo, wiki ya 20 au 30, anakuhakikishia kwamba haina madhara yoyote ni ya asili. Haviwezi kuwa kweli vyote vitatu. Kitu chenye nguvu ya kuamsha mfuko wa uzazi kwa kidole ni dawa kali, kingehitaji dozi na mtu wa kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto kama wanavyofanya hospitali wakikuwekea dripu ya uchungu. Na kama hakina nguvu hiyo, basi hakiwezi kuanzisha uchungu wa mtu.

Kwa uchungu, wanaochanganya rifleksolojia na akupresha ya Kichina, ile ya kubonyeza sehemu maalum za mwili kwa kidole, ni wengi, ila ni vitu viwili. Ile sehemu maarufu ya upana wa vidole vinne juu ya kifundo cha ndani ni ya akupresha, haipo hata kwenye unyayo. Nayo imechunguzwa. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yaliangalia majaribio 22 ya akupancha (ile ya sindano) na akupresha kwa ajili ya kuanzisha uchungu, wanawake zaidi ya 3,400, na hayakukuta kwamba zinapunguza upasuaji; akupancha ilionekana kulainisha kidogo shingo ya kizazi, akupresha haikuonyesha faida ya wazi. Ukiwa umepita tarehe umechoka unabonyeza kifundo usiku kucha, nakuelewa kabisa, lakini siku wakikuambia urudi hospitali wakuangalie, rudi siku ileile, usiwaombe wiki moja ya kubonyeza.

Na kuhusu miezi mitatu ya kwanza, hili naliandika taratibu maana najua kuna mtu atalisoma akiwa na kidonda. Katika kila mimba 100 zilizokwisha kujulikana, kati ya 10 na 20 zinatoka, nyingi kabla ya wiki ya 12, na karibu nusu ya hizo za mapema chanzo ni kromosomu, zile zinazobeba vinasaba, ambazo hazikukaa sawa tangu yai na mbegu vilipokutana. Yaani ilishaamuliwa kabla mama hajajua ana mimba. Sasa chukua wanawake wengi wa wiki ya 8, wafanyie chochote, wakande miguu, wapeleke kutembea, wasomee hadithi, wachache wao watapoteza mimba wiki hiyohiyo, na kila mmoja atarudi nyuma kutafuta alifanya nini. Nadhani ndo maana wakandaji wengi wanakwepa kipindi hicho, na kwa upande wao ni busara. Ila ukitamka mbele ya mwanamke kwamba kuna sehemu ya kisigino inatoa mimba, umempandia mzigo atakaoubeba siku jambo likitokea, wakati hakuna ushahidi kwamba kukandwa miguu kunatoa mimba. Kama ulikandwa miguu ukapoteza mimba, siyo wewe na siyo ule mguu.

Basi hatari ya kweli iko wapi? Ipo, ila siyo inakotajwa.

Kwanza damu kuganda. Mjamzito damu yake inaganda kirahisi zaidi, mwili unajiandaa asivuje sana akijifungua, na hatari ya donge la damu kwenye mshipa wa ndani wa mguu inakuwa mara 4 hadi 5 ya mwanamke asiye na mimba, na mara nyingi linakaa mguu wa kushoto. Mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, shavu la mguu linauma, lina joto, limebadilika rangi, huo haukandwi na mtu yeyote, uwe wa rifleksolojia uwe mume wako uwe mama yako, maana donge likikatika linakwenda kwenye mapafu. Huo unapelekwa hospitali leo. Kwangu hili ni zito kuliko sehemu zote za kwenye ile ramani ukizijumlisha.

Pili namna unavyolazwa. Kuanzia kama wiki ya 28 usikubali kulazwa chali saa nzima, tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, unaweza kuhisi kizunguzungu na kichefuchefu na damu kwenda kwa mtoto ikapungua. Nusu kukaa na mito, au ubavu. Mafuta yenye harufu kali nayo uulize ni ya nini kabla hayajakugusa, mengine hayashauriwi kwa mjamzito.

Tatu ndo ile iliyonipata mimi. Kuvimba miguu kwa mjamzito kwa kawaida ni jambo la kawaida kabisa, damu mwilini inaongezeka karibu nusu, tumbo linabana mishipa ya nyonga, maji yanashuka chini, jioni unavimba asubuhi unapungua. Lakini uvimbe wa ghafla wa uso na mikono, kichwa kisichosikia dawa, macho kuona ukungu au nyota, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, hizo ni dalili za hali inayotangulia kifafa cha mimba, inayopata asilimia 2 hadi 8 ya mimba duniani, inaanza baada ya wiki ya 20, na presha ikifika 140 kwa 90 ndo wanaanza kukukazia macho. Chanzo chake kipo kwenye kondo la nyuma, mishipa yake haikujijenga vizuri tangu mwanzo. Na unaweza ukawa nayo hujisikii chochote, ndo maana kliniki wanapima kila safari hata ukiwa mzima kama ngoma. Hakuna unyayo unaoweza kukuambia hilo. Ule msemo wa figo zimeelemewa unakaribia ukweli kiasi cha kutisha, kwasababu protini kwenye mkojo ni kweli ni habari ya figo, na mtu akikwambia figo zako atazirekebisha kwa kidole umeshafarijika na kilichotakiwa kukushtua.

Kwa uvimbe wa kawaida Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2016 wa huduma za wajawazito linataja vitu vitatu, soksi za kubana, kuinua miguu, na kukaa kwenye maji. Hakuna cha ajabu hapo, miguu juu ya mto na beseni, nyumbani kwako. Na ule wa 2018 wa wakati wa kujifungua unapendekeza masaji na vitambaa vya moto kwa mwanamke mwenye afya njema anayeomba kupunguziwa maumivu. Hilo nililiona kwa mwili wangu. Wakati dripu imeshika, dada yangu mkubwa alikaa mwisho wa kitanda akanishika nyayo zote mbili, hajui ramani yoyote, anakandamiza tu kisigino maumivu yakipanda na kuachia yakishuka, na nilipomwomba aache akaacha, nilipomwomba arudi akarudi. Sikumbuki sura ya daktari wa zamu ile lakini ile mikono naikumbuka.

Mimba ya pili nilienda tena kukandwa. Watu wananishangaa nikisema hivo. Safari hii nilikuwa na aspirini ya dozi ndogo niliyoandikiwa na daktari tangu wiki ya 12 kwasababu ya historia yangu, usijinunulie tu uulize kwanza, na nilikuwa na mashine ndogo ya presha nyumbani, napima asubuhi na jioni naandika kwenye daftari. Nilienda wiki ya 30, kwa mama mwingine, mtu mzima. Kabla hajanigusa aliniuliza presha nimepima lini na ilisoma ngapi. Akauliza kichwa, akauliza macho. Akaniambia nipandishe gauni, akaweka mashavu ya miguu yangu sambamba akayaangalia yote mawili, akauliza kama kuna linalouma peke yake. Alafu ndo akaweka mito.

Alipofika katikati ya unyayo nikasema aah, palepale pa mwaka ule. Akaniuliza, unasimama sana siku hizi? Nikamwambia sana. Akapunguza nguvu ya kidole, akaendelea.